Bastola Iliyouzwa kwa Gunia la Unga

Mtu anayekuja kuuza bastola ya babu yake kwa kawaida hamtazami Jaglika usoni. Huiweka juu ya meza ikiwa imefungwa kwa taulo, akakohoa, akatazama dirishani, utadhani amemleta mgonjwa wa maradhi ya aibu. Milonja Brdar hakuwa mtu wa hivyo. Aliingia siku ya soko saa nne asubuhi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, akaitua bastola mezani kwa kishindo, kisha akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Dada, nipe bei," akasema. "Lakini iwe bei ya kiume, siyo hizi bei zenu za watalii."

Jaglika alikuwa na miaka sitini na nywele nyeupe pe. Duka lake lilikuwa pale mjini Cetinje, upande wa pili wa uwanja wa soko, na kazi yake ilikuwa kukadiria silaha kuukuu, kama baba yake kabla yake. Kutoka hapo mpaka bandari ya Trieste hapakuwa na mnunuzi wa maana aliyetoa pesa kabla hajaiona karatasi yenye sahihi yake. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kumpa mtu bei ya uongo, awe rafiki au adui. Watu walimchukia kwa hilo, na wote walimjia.

Kwenye kiti cha kona alikuwa mzee Periša, kinyozi mstaafu, anywaye kahawa ya Jaglika kila siku na kuilipia kwa habari. Na mdomo wake, lahaula! Mwambie siri saa tatu, saa nne utaisikia kwa muuza samaki, imenenepa.

Jaglika alivaa miwani, akaivuta bastola karibu. Ilikuwa gaser, ile bastola kubwa ya risasi tano yenye mshiko wa pembe ya ndovu, ambayo enzi za mfalme kila mwanamume mzima aliamriwa kuwa nayo kiunoni. Uzito wake ni wa kuvunja nyonga. Ng'ombe aliuzwa, shamba liliuzwa, hata kengele ya kanisa, Mungu atusamehe, iliwahi kuuzwa. Gaser haikuuzwa. Mwanamume aliyeuza silaha yake, mkewe alipisha wenzake kisimani, na wanawe walioa mbali.

Akaigeuza upande wa kushoto. Pembe ilikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa umeshikwa kwa misumari mitatu midogo ya shaba. Wa chini ulikuwa umeinama.

Damu ilimpanda Jaglika mpaka masikioni. Hakuwahi kuiona bastola ile maishani mwake, lakini aliijua kuliko alivyojua mikono yake mwenyewe. Bibi yake alikuwa amemweleza mara mia: misumari mitatu, mjukuu wangu, na wa chini umeinama kama mzee anayesujudu.

"Una kiu?" akamuuliza mgeni, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mzee Periša, mmiminie bwana pombe ya zabibu. Bastola kama hii haizungumzwi na koo kavu."

"Enhee, sasa tunaelewana!" akasema Milonja.

Na alipokuwa anameza, Jaglika alimtazama vizuri. Masikio ya akina Brdar. Milonja hakumtambua Jaglika, na angemtambuaje? Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina la ukoo wa marehemu mumewe.

"Ina historia?" akauliza. "Maana chuma ni chuma. Tajiri wa leo hanunui chuma, ananunua masimulizi."

Milonja alicheka. "Historia? Kaa vizuri, dada. Mwaka wa hamsini na moja kulikuwa na njaa kijijini kwetu, watu wanakula magome ya miti. Na palikuwa na mtu mmoja, Vukan Tomin, majivuno hayo, ghala tupu. Akaja kwa babu yangu Krsto, kofia mkononi, machozi yanamtoka. Babu akamhurumia, akampa gunia la unga wa mahindi. Na Vukan akatoa nini? Hii! Gaser ya baba yake! Kwa unga!"

"Kwa unga," akarudia Jaglika.

"Kijiji kilicheka miaka ishirini. Tulikuwa watoto, tukiwaona wajukuu zake wanapita kwenda shule tunawaimbia: *Unga bei gani leo? Unga bei gani leo?* Kulikuwa na kasichana kamoja, nywele nyekundu kama karoti, kalikuwa kakilia mpaka makamasi yanadondoka kwenye daftari!" Akajipiga paja. "Utoto, bwana."

Mzee Periša hakucheka. Yeye alikuwa amemnyoa baba yake Jaglika kwa miaka mingi, na alikikumbuka kile kichwa chekundu kikikaa sakafuni kikisubiri. Alitazama kahawa yake.

Sasa nawe msomaji uambiwe ukweli, maana uongo umeshapata kiti na pombe.

Vukan Tomin hakuuza kitu. Wakusanya silaha wa serikali walipoanza kupita vijijini baada ya vita, aliificha gaser yake ndani ya mzinga wa nyuki, wa tatu kutoka ukutani. Kabla ya kuificha alichomoa pini ya katikati, ule mhimili ambao gurudumu la risasi huzungukia, akampa mkewe. Bila pini, gaser haifai hata kuvunjia lozi. Siri ya mzinga aliijua mke, na mtu mwingine mmoja tu: Krsto Brdar, kumu wake, aliyembeba mtoto wake wa kwanza kwenye maji ya ubatizo. Kumu kwetu ni zaidi ya ndugu. Ndugu umezaliwa naye kwa bahati mbaya, kumu umemchagua mwenyewe mbele ya Mungu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Krsto aliiba bastola kwanza, ndipo akaenda kumsemea mwenziwe. Mnaona ujanja wa ibilisi? Wakusanya silaha walikwenda moja kwa moja kwenye mzinga wa tatu, wakaukuta mtupu, wakadhani Vukan amehamisha. Wakampiga siku tatu atoe kitu ambacho hakuwa nacho. Mkewe aliketi mlangoni akisokota sufu mbele ya macho yao, na kijiti chake cha kusokotea, chini ya tabaka za uzi, kilikuwa ni ile pini. Vukan alirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni, akafa kabla ya Pasaka. Unga? Majira yale ya baridi nyumba ile haikuuona unga hata wa uji wa mgonjwa.

Miaka kumi ikapita, hatari ikapoa, na Krsto akaitoa gaser kwenye sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, mbele ya wageni arobaini. Ndipo alipoizaa hadithi ya gunia. Pini alishachongesha nyingine kwa mhunzi. Blagota, mwana wa Vukan na baba yake Jaglika, alichukua shoka. Mama yake akamkalia mlangoni.

"Ukimuua, watasema umeua kwa aibu ya unga," akamwambia. "Wewe nenda ukajifunze ufundi wa bastola. Chumvi haimfuati mbuzi. Mbuzi ndiye huifuata chumvi."

Blagota akashuka Cetinje akafungua duka, watoto akawaacha kijijini kwa mama yake. Akangoja mpaka akafa. Jaglika akarithi meza, miwani, na kungoja.

Basi mbuzi alikuwa amekuja, tena kwa suti.

Kitu cha kwanza kilichomjia Jaglika kichwani, nami sitakuficha, kilikuwa ni uongo. Maneno machache tu: hii haina thamani, bwana, ni nakala, nitakupa mia tatu kwa kukuonea huruma. Angeipata bastola siku hiyo hiyo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini akamkumbuka baba yake, aliyekufa bila kudanganya bei hata mara moja. Nyumba iliyoitwa ya wauza silaha haikuwa na haki ya kuwa ya matapeli pia. Akaumeza ule uongo, nao ulikuwa mchungu.

"Bwana wangu," akasema, "nikushauri. Watu siku hizi wanauliza maswali mengi. Nikiandika tu *asili haijulikani*, bei itashuka kidogo, lakini hutakuwa na maneno na mtu. Unaweza kuchukua pesa yako ukaenda."

Alimpa mlango. Mbele ya Mungu na mbele ya Periša, alimpa mlango mpana.

"Haijulikani?" Milonja aliruka kama ametiwa pilipili. "Mimi ni mtoto wa kuokotwa? Asili yangu inajulikana mpaka babu wa tisa! Andika: *ilinunuliwa na Krsto Brdar kwa Vukan Tomin, mkono kwa mkono, kwa gunia la unga.* Tajiri ninayemuuzia anataka hiyo hiyo hadithi, anasema inachekesha."

"Basi iandike mwenyewe, kwa mkono wako. Ndivyo sheria ya kazi ilivyo. Na uape."

Mwanamume mwingine wa nchi nyingine angejiuliza. Wetu, ukimgusa babu, hajiulizi. Aliivuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa kubwa, akatia sahihi, akainua mkono. "Naapa kwa taa ya mtakatifu wa nyumba yangu, mkono kwa mkono na kwa ridhaa. Wiki mbili zijazo namwozesha mwanangu, pesa hii ndiyo ya harusi. Ningeapa uongo?"

"Mungu ampe heri mwanao," akasema Jaglika, na alimaanisha. Karatasi akaisogeza upande wake wa meza, akachukua bisibisi.

Aliifungua gaser polepole. Mtutu, gurudumu, fremu. Akavipanga juu ya kitambaa.

"Njoo uone. Kila kipande kina namba yake. Hapa mia nne kumi na saba. Hapa mia nne kumi na saba. Hapa pia. Sasa pini." Akaiinua. "Haina namba. Hii imechongwa na mtu wa kutengeneza viatu vya farasi."

"Ilibadilishwa. Vitu vinachakaa."

"Pini ya gaser haichakai, itakuzika. Swali langu dogo tu, bwana. Anayenunua bastola mkono kwa mkono hupewa na pini yake. Hata mjinga hanunui mkokoteni usio na gurudumu. Ilikuwaje babu yako akanunua bastola isiyo na pini?"

"Labda... ilipotea njiani."

"Haikupotea."

Jaglika alivuta droo, akatoa kijiti cha kusokotea sufu, kinene, kimevikwa uzi wa kijivu ulioingia vumbi. Bibi yake alikuwa ameufunga fundo mwenyewe mwaka aliokufa, akaagiza usifunguliwe mpaka bastola irudi. Jaglika alikata fundo kwa meno. Akaanza kuufungua uzi, raundi baada ya raundi, bila haraka, ukaanguka mapajani mwake. Milonja alitazama kama mtu anayetazama nyoka akitoka shimoni. Mzee Periša alisimama.

Chuma kikatokea, kingali na mafuta. Jaglika hakukisoma. Alikisukuma mbele ya Milonja.

"Soma wewe. Una macho mazuri."

Milonja akainama juu ya kile chuma. "Mia nne kumi na saba."

Jaglika akaunganisha vipande, akaitia pini mahali pake. Ilipita kwenye gurudumu bila kusukumwa, ikakaa, ikalia *tak*, na gurudumu likazunguka kama lilitoka kiwandani jana.

"Wewe ni nani?" Milonja akauliza, ingawa alishajua.

"Mimi ndiye yule wa makamasi."

Nje, mwanamke alikuwa akinadi jibini kwa sauti ya kukwaruza.

"Sasa nikupe bei ya haki, maana ndiyo uliyoijia," akasema Jaglika, na sauti yake ikaanza kutetemeka kwa hasira, wala hakuizuia. "Ikiwa na pini yake na karatasi yangu, yuro elfu saba. Sikupunji hata senti. Lakini pini ni yangu. Bila pini, elfu moja. Na karatasi nitakuandikia, tena bure: *Iliibwa na Krsto Brdar ndani ya mzinga wa nyuki wa kumu wake, ambaye kisha alimsemea, akapigwa mpaka akafa.* Chini yake nitabandika haya maandishi yako, na kiapo chako, na picha ya pini. Mpelekee huyo tajiri wako. Mwambie inachekesha."

"Huwezi. Mimi sikufanya chochote! Mambo ya wazee!"

"Wewe? Wewe uliimba."

Milonja alifungua kola. Ungeona jasho! Kumsaliti kumu, kwetu, ni doa lisilotoka kwa sabuni, na wazazi wa bibi harusi bado walikuwa wakiulizauliza kuhusu nyumba yake, kama ilivyo ada. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyo hapo mjukuu, amevaa tai.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo. "Tafadhali. Unataka nini?"

"Bastola yetu. Nitakulipa. Nitakulipa bei ileile aliyolipa babu yako, uliyoiapia mwenyewe. Mzee Periša, nenda hapo kwa Ilinka ukalete gunia la unga wa mahindi. Zuri, lisilo na wadudu."

Periša hakuwahi kutembea haraka vile tangu siku ya harusi yake.

Milonja aliangalia karatasi, akaangalia bastola, akaangalia mlango. "Ukiipata, hutaandika?"

"Sitaandika hata herufi moja. Kwa kaburi la bibi yangu."

Gunia lilipofika, lilikuwa la kilo ishirini na tano, na Milonja alitaka kuliacha. "Mnunuzi hawezi kudai kitu bila kulipa," akasema Jaglika. "Bila unga hakuna mauziano, na bila mauziano naandika." Akamshikia gunia mwenyewe, akamtwika begani. Vumbi la njano likamwagika juu ya suti ya kijivu. Gari lake lilikuwa mwisho wa uwanja, maana siku ya soko magari hayaingii, na katikati ya uwanja kulikuwa na mkahawa, na mbele ya mkahawa wazee kumi na tano wasio na kazi.

Mlangoni Milonja alisita, akageuka nusu, gunia likimlemea shingo. "Na huyu mzee?"

"Mimi?" Periša akaweka mkono kifuani. "Mwanangu, mimi tangu nitoke shule sijaandika hata jina langu."

Akavaa kofia yake, akampita Milonja mlangoni kwa heshima zote, samahani, samahani, akaelekea mkahawani kwa hatua za ujana.

Jaglika alimwona kupitia dirishani akiinama kwenye meza ya kwanza, kisha ya pili. Vikombe vikatua. Vichwa vikageuka kimoja kimoja kumtazama mwanamume wa suti aliyekuwa akivuka uwanja na gunia. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na umri wa kutosha kumkumbuka Vukan, au baba zao walimkumbuka, na ule ukimya ulimlemea Milonja begani kuliko unga. Mmoja, mzee wa fimbo, alikigeuza kiti chake akampa mgongo. Halafu mwingine.

Kwa miaka yote ile Jaglika alikuwa amejiwazia kicheko, uwanja mzima ukicheka. Migongo hakuwahi kuiwaza. Akafungua mlango, akasimama kizingitini, uzi wa bibi yake ukiwa bado umemning'inia kwenye aproni. Alikusudia kunyamaza, na pengine ingekuwa ndiyo heshima. Ah, heshima! Kuna kasichana kalikopita njia ile ya shule kila asubuhi kwa miaka minane.

"Milonja!" akaita, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kitoto, ya kuimba. "Milonja Brdar! Unga bei gani leo?"

Milonja alisimama. Hakugeuka, na gunia hakuweza kulitua mbele ya watu wale. Akaendelea kutembea, unga ukimtoka kwa nyuma kidogo kidogo, mpaka mwisho wa uwanja.

Jaglika alirudi ndani, akaketi, akaiweka gaser mapajani juu ya sufu, akalia mpaka makamasi yakamtoka.